Pampu mpya za sirinji: dozi ya dawa ya usingizi, na njia inayopita hadi mshipani

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali moja kisiwani Ukerewe. Miaka yote dawa yetu ya usingizi imekuwa ketamini, na ile nyingine, propofoli, tunaisukuma kwa mkono kidogo kidogo. Sasa tumeletewa pampu mbili za sirinji. Moja ina kitufe kilichoandikwa TCI, na ukikibonyeza inauliza Marsh au Schnider. Nichague ipi na lengo niweke ngapi? Hii nyingine isiyo na TCI niipigieje hesabu? Na umeme wetu unaujua.

JIBU: Marahaba, sista. Nianze na jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalisemi kwa sauti: pampu ya TCI, yaani inayojipangia kasi yenyewe ili kufikia kiwango cha dawa ulicholenga, haipimi dawa iliyomo kwenye damu. Namba unayoiona kwenye kioo, tuseme 3.5 (mikrogramu kwa mililita), ni makisio. Pampu imechukua umri, uzito na urefu ulioingiza, inakumbuka mililita ilizokwisha kusukuma, inapiga hesabu, basi. Kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ikichomoka na dawa ikawa inamwagika chini ya shuka, kioo kitaendelea kuonyesha 3.5 vilevile. Kwa hiyo swali lako lina pande mbili, hesabu na njia ya dawa, na kwa maoni yangu upande wa pili ndio unaowaumiza wagonjwa zaidi, ingawa hukuuliza.

Tuanze na hesabu. Ukisukuma propofoli kwa mkono, mgonjwa analala ndani ya nusu dakika hadi dakika moja, kisha baada ya dakika chache anaanza kukunja mguu. Si kwamba ini limeshaimaliza dawa. Imehama tu. Chukulia matangi matatu ya maji yaliyounganishwa kwa mabomba: tangi dogo ni damu pamoja na viungo vinavyopata damu nyingi, ubongo ukiwemo, la kati ni misuli, kubwa ni mafuta ya mwili. Wewe unajaza dogo peke yake, na mwanzoni yale mengine mawili yakiwa matupu yanalivuta kwa kasi. Kadiri yanavyojaa, mvuto unapungua. Ndiyo maana dawa ya mfululizo huanza kwa kasi kubwa kisha hushushwa. Ukiiacha kwenye kasi ileile ya mwanzo kwa saa nzima, presha itaanguka na mgonjwa atachelewa kuamka, kwa kuwa ukizima pampu matangi makubwa yanarudisha dawa kwenye dogo.

Kwa pampu isiyo na TCI, utaratibu unaojulikana zaidi ni ule wa 10-8-6, uliochapishwa Uingereza mwaka 1988. Unatoa dozi ya kwanza ya miligramu 1 kwa kilo, kisha miligramu 10 kwa kilo kwa saa kwa dakika 10, halafu 8 kwa dakika 10, halafu 6 hadi mwisho. Propofoli ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, kwa hiyo hesabu ni rahisi: uzito mara namba ya utaratibu, gawa kwa 10, jibu ni mililita kwa saa. Mama wa kilo 60: mililita 6 za kuanzia, kisha 60 kwa saa, kisha 48, kisha 36. Kwa upasuaji wa saa moja utatumia mililita 6 jumlisha 10 jumlisha 8 jumlisha 24, yaani 48. Ampuli za mililita 20 ziwe tatu mezani kabla hujaanza, wala usitume mtu stoo katikati ya kazi.

Hapo pana mtego. Waliopimwa kwa utaratibu huo walikuwa wamepewa dawa ya kutuliza kabla ya upasuaji, dawa kali ya maumivu, fentanili, mikrogramu 3 kwa kilo, na walikuwa wakivuta gesi ya usingizi ya naitrasi oksaidi. Lengo lilikuwa mikrogramu 3 hivi kwa mililita ya damu. Ukiuchukua ulivyo, ukamtilia mgonjwa anayevuta oksijeni tupu bila fentanili, kisu kikigusa ngozi atakurukia. Kama huna naitrasi, tegemea dawa ya maumivu ya kutosha, ganzi ya eneo pale inapowezekana, na uwe tayari kukaa kwenye 8 au hata 10 muda mrefu zaidi. Na kama hukutoa dawa ya kutuliza, dozi ya kumlazia mtu mzima mwenye afya inapanda hadi miligramu 1.5 au 2 kwa kilo. Mzee anatosheka na 1 hadi 1.5, nayo itolewe taratibu.

Sasa TCI. Pampu ya kwanza ya aina hii iliyouzwa kwa madaktari, Diprifusor, ilitoka mwaka 1996 na ilitumia kanuni ya hesabu, yaani modeli, ya Marsh. Schnider ilifuata mwaka 1998. Zote mbili zinaeleza matangi yaleyale matatu, ila hazikubaliani ukubwa wa tangi dogo. Marsh inasema ni lita 0.228 kwa kila kilo ya uzito. Schnider inasema ni lita 4.27 kwa kila mtu mzima, awe mwembamba au mnene. Mchukue mwanamume wa kilo 70, weka lengo la 4 kwenye damu. Marsh itasukuma papo hapo miligramu 64 hivi. Schnider itasukuma 17. Mgonjwa ni yuleyule, lengo ni lilelile, ila dozi ya mwanzo inakaribia kupishana mara nne! Kwa sababu hiyo Schnider hutumiwa kwa kulenga ubongoni, si kwenye damu. Hapo pampu inaongeza dozi ya mwanzo ili dawa ifike ubongoni haraka. Angalia kioo chako: huwa kuna alama ndogo ya Cp kwa damu na Ce kwa ubongo. Usipoiangalia, unaweza kudhani propofoli yako imeharibika kumbe umelenga mahali pasipo.

Mimi ningechagua Schnider kwa Ce kwa watu wazima wote, kwa kuwa inajali umri, na wagonjwa wa tezi dume wanaofika kwenu si vijana. Marsh haijui umri. Mzee wa miaka 80 na kijana wa 20 wenye kilo sawa wanapata dozi sawa. Udhaifu wa Schnider ni kwa watu wanene sana, maana hesabu yake ya uzito usio wa mafuta inapotoka, hata pampu nyingine hukataa kuipokea namba. Kama pampu yako ina Eleveld, ya mwaka 2018, hiyo imetokana na takwimu za zaidi ya watu 1,000, wakiwemo watoto na wanene, ilhali Schnider ilitokana na watu 24 tu waliojitolea. Lakini lililo kubwa kuliko modeli gani ni idara nzima kutumia moja. Iandikeni kwenye plasta, muibandike juu ya pampu. Namba ya lengo ya modeli moja haihamishiki kwenye nyingine, na modeli haibadilishwi katikati ya upasuaji. Watoto muwaweke kando: Marsh na Schnider ni za watu wazima, watoto wana modeli zao, Paedfusor na Kataria. Kama pampu haina hizo, mtoto apigiwe hesabu ya mkono.

Lengo niweke ngapi? Kwa mtu mzima mwenye afya aliyepata fentanili mikrogramu 1 hadi 2 kwa kilo, anzia 4. Mwite jina kila baada ya sekunde chache. Namba ya Ce pale anapoacha kuitika, iandike. Ndiyo namba yake yeye, na thamani yake inazidi jedwali lolote. Upasuaji ukiendelea kaa juu ya namba hiyo kwa 0.5 hadi 1, wengi wataangukia kati ya 3 na 4. Kwa mzee, au mama aliyepasukiwa mimba nje ya kizazi, anzia 1, panda kwa 0.5, na subiri dakika mbili kila hatua. Aliyepungukiwa damu mzunguko wake ni wa polepole: dawa inachelewa kufika, wewe unaongeza ukidhani haijatosha, kisha yote inafika pamoja na presha inapotea. Kwa mama wa namna hiyo, hata hivyo, ningeiacha propofoli kabatini na kuchukua ketamini, nusu ya dozi ya kawaida.

Wagonjwa wetu wenye malaria, upungufu wa damu na kilo 45 hawakuwa kwenye majaribio hayo. Hata huko zilikotengenezwa, makisio ya pampu na damu iliyopimwa maabara kupishana kwa robo ni jambo la kawaida. Lengo ni mahali pa kuanzia. Mapigo, presha, machozi, jasho na namna anavyopumua ndivyo vinavyokuambia uende wapi.

Tuje kwenye njia. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ayalandi uliotolewa mwaka 2014, kuhusu watu waliozinduka katikati ya upasuaji, ulionyesha kwamba kwa waliolazwa kwa dawa ya mshipani peke yake, kisa kikubwa kilikuwa dawa kutofika au kutolewa kidogo, na mgonjwa akiwa amelegezwa misuli asiweze kutikisa hata kidole. Kama hamna mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo, usilegeze misuli pale isipolazimu. Mgonjwa anayeweza kusogeza mkono ni kengele inayofanya kazi hata umeme ukikatika.

Sirinji yenyewe iwe ya mililita 50, yenye mdomo wa kuzungusha. Ule wa kuchomeka tu unachomoka kwa shinikizo la pampu. Pampu inataka kujua sirinji imetengenezwa na nani kwa sababu haihesabu mililita, inahesabu mwendo wa kijiti kinachosukuma. Tumbo la sirinji likiwa pana kuliko inavyodhani, dawa inazidi. Bohari ikiwaletea sirinji ambazo hazimo kwenye orodha ya pampu, chagua iliyo karibu, jaza maji, weka mililita 60 kwa saa, na kinga kwenye kikombe cha vipimo kwa dakika 10. Zitoke mililita 10. Zikitoka chini ya 9.5 au juu ya 10.5, jaribu jina jingine, ukilipata liandike.

Ukishaifunga sirinji, kuna ulegevu kati ya kisukumio cha pampu na kitako cha sirinji. Kwa kasi ndogo, pampu inaweza kutembea dakika kadhaa ikiziba pengo hilo tu huku mgonjwa hapati kitu. Kwa hiyo bonyeza kitufe cha kusukumia haraka, mpira ukiwa bado haujaunganishwa na mgonjwa, hadi tone litoke kwenye ncha. Ndipo unganisha. Weka pampu usawa wa moyo wa mgonjwa, si juu kwenye mti wa dripu, na usiitoe sirinji kwenye pampu kabla ya kubana mpira. Sirinji iliyolegea ikiwa juu ya mgonjwa hujimwaga yenyewe.

Kosa linalojirudia ni la kilango cha njia tatu: dripu huku, propofoli kule, kanula moja. Kanula ikipinda au presha ikipimwa kwenye mkono huohuo, njia ya mgonjwani inaziba, na dawa inageuka kupanda kwenye mpira wa dripu. Pampu haitapiga kelele, maana inasukuma vizuri tu. Kanula ikifunguka, dawa yote iliyopanda inashuka kwa mpigo. Kinga yake ni vali ya kuelekea upande mmoja kwenye mpira wa dripu. Kama hamnazo, propofoli ipewe kanula yake peke yake, kipimo cha presha kiwe mkono mwingine, na mkono wenye kanula ukae nje ya mashuka, uuone na kuushika. Kengele ya kuziba ikilia, usikimbilie kufungua kilango. Kuna shinikizo limejikusanya kwenye mpira. Bana upande wa mgonjwa, legeza kisukumio, kisha rekebisha kilichoziba.

Propofoli inauma ikiingia, hasa kwenye mishipa ya mgongo wa kiganja. Tumia mshipa mkubwa wa mkono, na tanguliza dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 2, mililita 1 hadi 2. Tena ni mafuta ya soya na kiini cha yai, chakula kizuri cha bakteria. Futa shingo ya ampuli kwa spiriti, ampuli moja mgonjwa mmoja, na kilichovutwa kwenye sirinji kitupwe baada ya saa 6 hata kama roho inauma. Soma kasha pia: nyingi hazitaki kupita nyuzi 25, na stoo yenye bati tupu kandokando ya ziwa inavuka hapo kabla ya saa sita mchana. Wala isigandishwe kwenye friji.

Mwisho wa kazi, sukuma maji ya chumvi mililita 10 kwenye kanula ukiwa bado chumba cha upasuaji. Dawa ya kulegeza misuli au fentanili iliyobaki kwenye kiungo cha kanula, ikija kusukumwa wodini na muuguzi anayeweka antibiotiki, inaweza kumkatisha mgonjwa pumzi kitandani.

Umeme. Pampu ina betri, ila usiiamini mpaka uipime: ichaji usiku kucha, ichomoe, iache isukume maji kwa mililita 36 kwa saa, uone inazima baada ya muda gani. Rudia kila miezi mitatu na mhandisi wa vifaa tiba aijue namba hiyo. Hatari ya TCI hasa iko pale inapozimika katikati na kuwashwa tena. Imesahau kila kitu. Inadhani mgonjwa hana dawa mwilini, ukiweka 4 inampiga dozi kamili ya mwanzo juu ya dawa iliyomo tayari. Kwa hiyo kwenye karatasi yako ya usingizi andika kila dakika 10 mililita kwa saa zinazotoka, si lengo peke yake. Ikizimika, iwashe kwa hali ya kawaida, isiyo ya TCI, weka kasi ya mwisho uliyoandika, umalize upasuaji hivyo.

Ketamini msiiache. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985, na haihitaji pampu. Miligramu 500 kwenye chupa ya mililita 500 ya maji ya chumvi ni miligramu 1 kwa mililita. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, lakini soma paketi, iko ya 15. Baada ya dozi ya kumlaza, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, mtu mzima wa kilo 60 anahitaji miligramu 1 hadi 2 kwa dakika: matone 20 hadi 40. Tone moja kila sekunde mbili ni miligramu 1.5, mahali pazuri pa kukaa. Funga dakika 15 hadi 20 kabla ya mshono wa mwisho. Atropini inapunguza mate, midazolamu kidogo inapunguza ndoto mbaya, na mashine ya kunyonya iwe inafanya kazi, maana mate yakigusa koo linaweza kujifunga. Kwa mwenye kifafa cha mimba na presha ya juu, tafuta njia nyingine.

Thiopento, dawa nyingine ya usingizi, usiitilie mfululizo. Inajikusanya, na mgonjwa anaamka kesho. Fentanili nayo, ikitiliwa kwa saa nyingi, hushuka polepole sana. Itoe kwa dozi ndogondogo. Inayoshuka kwa nusu ndani ya dakika 3 hadi 5 bila kujali imetiliwa muda gani ni remifentanili, lakini bila pampu nzuri na mtu asiyeondoka kitandani ni hatari. Remimazolamu, dawa nyingine ya usingizi iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2020, ina sifa kwamba nguvu yake inaweza kuondolewa kwa dawa ya flumazenili. Ni dawa nzuri. Ila fungu lenu la fedha likiwa dogo, ningelipeleka kwenye vali, mipira mirefu na betri za pampu kwanza.

Hukuuliza kuhusu rufaa, lakini pampu hizo zitapanda kivuko tu. Mgonjwa mwenye mpira wa hewa kooni, kilo 60, akitiliwa propofoli mililita 36 kwa saa, anamaliza sirinji ya 50 kwa dakika 83. Utabadilisha sirinji gizani kati ya Rugezi na Kisorya, na kila badiliko ni dakika kadhaa bila dawa. Ketamini ni nafuu hapo: miligramu 500 jumlisha maji ya chumvi hadi mililita 50, ziwe miligramu 10 kwa mililita, kasi ya mililita 6 hadi 12 kwa saa, na midazolamu kidogo kidogo. Sirinji moja inakupitisha saa nne hata kwa kasi ya juu, na presha haianguki ovyo. Pampu ilaze kwenye machela usawa wa kifua chake, uifunge kwa bandeji isiteleze. Beba mfuko wa kumpumulia kwa mkono, oksijeni mara mbili ya unayodhani itatosha, kanula ya pili ikiwa tayari mkononi mwa mgonjwa, na sirinji ya akiba yenye lebo. Ukifika hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, mkabidhi mwenzako mambo matatu kwa maandishi: miligramu kwa mililita, mililita kwa saa, na saa uliyotoa dawa ya mwisho ya kulegeza misuli.